Mwongozo Kamili: Kununua Foo Wili Iliyotembea Kilomita Nyingi na Kuipangia Bajeti ya Matunzo, Mtwara na Lindi

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo mafundi wetu huliita foo wili, si pambo. Aliyewahi kusafiri kutoka Nangurukuru kwenda Liwale wakati wa mvua, au kupita kwenye mchanga wa Tandahimba mwezi wa tisa, anajua kwamba magurudumu mawili yakianza kuzunguka bure, safari huishia hapo. Kwa kuwa magari mapya ni ghali, wengi wetu hununua yaliyokwisha kutembea kilomita 150,000 na zaidi, kwanza huko Japani na kisha hapa nyumbani. Hilo si kosa. Gari la namna hiyo laweza kukuhudumia miaka mingi, lakini kwa sharti moja: siku unapomlipa muuzaji, uwe bado na fedha za kulirekebisha. Nimeona magari mazuri yakifia uani, juu ya matofali, kwa sababu tu mnunuzi alimaliza fedha zote kwenye bei.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaihitaji, kisha chagua aina

Kama safari zako ni za lami tupu, kwa mfano Mtwara mjini hadi Lindi, au Mtwara hadi Masasi kupitia Mnazi Mmoja, nunua gari la kawaida linalosukumwa na magurudumu ya mbele. Foo wili ina difu ya ziada (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia), propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu nyuma), klachi au kifaa kingine cha kugawa nguvu, na shafti mbili zaidi nyuma. Kila kimoja kinadai oili au spea zake, na kila kimoja huongeza uzito unaolipiwa kwa mafuta.

Kama unaihitaji kweli, tambua kwamba magari haya hayafanani. Subaru Forester, Legacy na Impreza za foo wili husukuma magurudumu yote manne muda wote. Nissan X-Trail na Toyota RAV4 zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2005 na kuendelea husukuma zaidi kwa mbele, kisha huunganisha nyuma pale magurudumu ya mbele yanapoteleza. Magari haya hayana ile gia nzito ya kupandia milima na kujinasulia topeni iliyomo kwenye Hilux au Prado. Mtu anayebeba magunia ya korosho kutoka shambani kila wiki asidanganyike na neno foo wili, kwani anahitaji gari la aina hiyo ya pili. Kwa familia, mwalimu, muuguzi au afisa ugani anayezunguka vijijini akiwa na mizigo ya wastani, hizi za kwanza zinatosha.

Kila aina ina udhaifu wake wa kuulizia mapema. Forester nyingi zenye injini ya EJ20 au EJ25 hutumia mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika safarini valvu hugongana na pistoni. EJ25 imejulikana pia kwa gasketi ya silinda hedi inayovuja. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2010 Forester zilianza kufungwa injini ya FB20, inayotumia cheni badala ya mkanda, ingawa baadhi hula oili. Kwa X-Trail ya umbo la pili, swali kubwa ni giaboksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, na kama imewahi kubadilishiwa oili yake maalumu. Kwa RAV4, Harrier na Kluger zenye injini ya 2AZ, chungulia nyuma ya injini kama kuna kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) inayovuja, kwa sababu nyuzi za boliti za silinda hedi upande huo hulegea.

Hatua ya pili: gawa fedha kabla ya kumpigia simu dalali

Chukua jumla ya fedha ulizonazo, tenga moja ya tano, na usimweleze mtu kwamba ipo. Tuseme una shilingi 15,000,000. Gari unalotafuta ni la shilingi 12,000,000, pamoja na ada za uhamisho na za dalali. Zile 3,000,000 zinazobaki ni za mwezi wa kwanza na za dharura ya mwaka wa kwanza. Muuzaji akikwambia gari ni la 14,000,000 na kwamba halina tatizo lolote, jibu ni kwamba gari hilo liko nje ya uwezo wako, hata kama fedha za kulilipia unazo.

Angalia pia wakati wa kununua. Malipo ya korosho yanapoanza kuingia, kuanzia mwezi wa kumi, wanunuzi huwa wengi na wauzaji hawapunguzi bei. Nakushauri ununue mwezi wa pili au wa tatu, mvua zikiwa zinanyesha. Wateja huwa wachache, na mvua yenyewe hukuonyesha milango inayovuja na zulia lenye unyevu.

Hatua ya tatu: karatasi

Omba kadi halisi ya gari na ulinganishe jina lililoandikwa na kitambulisho cha muuzaji. Namba ya chesisi isome mwenyewe kwenye chuma, usiridhike na iliyo kwenye karatasi, na kama namba zimekwaruzwa au zimechomelewa upya, ondoka. Herufi za namba ya usajili zinaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, wala hazionyeshi lini liliundwa. Gari lenye namba mpya laweza kuwa na umri mkubwa kuliko la jirani yako lenye namba za zamani.

Tafuta deni la faini katika mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na hakiki bima kwa namba ya gari. Uhamisho wa umiliki hufanyika TRA, na wote wawili mtahitaji namba ya mlipakodi. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/2018, kwa hiyo asikutokee mtu wa kukudai hiyo kwa mwaka huu.

Kuhusu kilomita, dashibodi si shahidi wa kutosha. Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho huko, hivyo kama muuzaji anacho, kilinganishe na dashibodi ya leo. Tafuta pia kadi ndogo za kubadilisha oili zinazofungwa ndani ya boneti, na stika yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu kwenye kifuniko cha mkanda wa taimingi, ambayo mara nyingi huonyesha kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Kisha tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haipatani na dashibodi inayosema kilomita 78,000. Hata hivyo, kati ya gari la kilomita 220,000 lenye kumbukumbu za kila oili iliyobadilishwa na gari la kilomita 110,000 lisilo na historia, mimi nachukua la kwanza bila kusita.

Hatua ya nne: ukaguzi likiwa limesimama

Nenda asubuhi, na mweleze muuzaji mapema kwamba unataka injini iwe ya baridi. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimiana kwa kirefu. Ikiwa ni ya moto, amekwisha kuliwasha ili kuficha mlio wa asubuhi, na una haki ya kurudi siku nyingine.

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini na utazame taa za dashibodi. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini inapowaka. Isipowaka kabisa, huenda imetolewa ili kosa lisionekane. Fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu akiwa pamoja nawe, mwombe aangalie pia kama kumbukumbu za makosa zimefutwa siku za karibuni.

Chomoa kijiti cha kupimia oili ya injini na kile cha giaboksi kama kipo. Oili ya giaboksi nyekundu au ya kahawia hafifu inakubalika, lakini iliyo nyeusi na yenye harufu ya kuungua ni onyo kubwa. Kwenye Subaru ya giaboksi ya zamani ya otomatiki yenye gia nne, difu ya mbele ina oili yake peke yake na kijiti chake peke yake, na mafundi wasioizoea hawajui. Gari langu liliwahi kupelekwa gereji kubadilishiwa oili ya injini, fundi akafungua nati ya difu, akamwaga oili yake yote, kisha akaongeza lita nne kwenye injini iliyokuwa bado imejaa. Nilinusurika kwa sababu nilichomoa vijiti vyote kabla ya kuondoka. Tangu siku hiyo sitoki gereji bila kufanya hivyo.

Sasa njoo kwenye matairi, na hapa usiwe na haraka. Foo wili inataka matairi manne yenye kimo kimoja. Tairi lililolika huwa na mzunguko mdogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko jipya katika kilomita ileile, na tofauti hiyo hubebwa na kifaa cha kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ambacho huteleza na kupata moto bila kupumzika. Subaru hutaka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi robo ya inchi, yaani takriban milimita 6. Kwa kina cha mifereji hiyo ni milimita 1 tu. Chukua kijiti cha kiberiti, kichomeke kwenye mfereji wa tairi, weka alama kwa ukucha, kipime kwa rula ya mwanafunzi, kisha rudia kwa matairi yote manne na uandike.

Mimi nilipuuza jambo hili na likanigharimu. Forester yangu ya kwanza niliinunulia Lindi mjini, na muuzaji alikuwa amefunga matairi mawili mapya mbele na kuacha ya zamani nyuma. Niliona amenifanyia hisani. Baada ya safari chache za Nachingwea, gari lilianza kujizuia kila nilipokata kona kali kuingia nyumbani, kana kwamba mtu wa pili amekanyaga breki. Klachi za kugawa nguvu ndani ya giaboksi zilikuwa zimeungua, na akiba yangu ya msimu mzima iliishia hapo. Huenda zilikuwa zimechoka kabla sijanunua, lakini ningepima matairi ningejua la kuuliza.

Mwisho, lala chini au lipandishe gari kwenye jeki imara yenye vizuizi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na gari lililoishi Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko huoza kwa chini huku juu liking'aa. Gonga chesisi, sehemu za kufungia shokapu na bomba za breki kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu na vumbi jekundu. Kutu ya juujuu inatibika, lakini chesisi iliyotoboka usiichukue kwa bei yoyote.

Hatua ya tano: jaribio la barabarani

Usikubali kulijaribu kwenye mchanga pekee. Mchangani magurudumu huteleza, na kwa kuteleza huko huficha ugonjwa mkubwa wa foo wili. Tafuta eneo kavu la lami au sakafu ya saruji, pasha gari moto kwa dakika 15, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole, kulia kisha kushoto. Gari zima hujizungukia kwa ulaini. Likijivuta, likiruka kidogokidogo au likitaka kusimama ukiachia mafuta, kifaa cha kugawa nguvu kina tatizo. Subaru nyingi za giaboksi hiyo ya gia nne zina kituo cha fyuzi kilichoandikwa FWD ndani ya boneti, na ukichomeka fyuzi hapo, nguvu ya nyuma hukatwa. Kama kujizuia kunatoweka baada ya kuichomeka, umepata jibu. Mlio wa tak-tak kwenye kona ni wa jointi za shafti, na mvumo unaoongezeka kwa mwendo ni wa beringi au difu.

Kisha tafuta mlima. Anayenunua Newala au Masasi ana bahati ya kuwa na mteremko wa ukingo wa nyanda za juu za Makonde, wenye kona na mwinuko wa kutosha kuifichua injini mbovu. Panda ukiwa umewasha kiyoyozi na tazama mshale wa joto, ambao haupaswi kuvuka mahali pake pa kawaida. Ukirudi, acha injini iungurume dakika 20 mahali ulipoegesha, kiyoyozi kikiwa bado kinafanya kazi, na utazame chupa ya akiba ya kulanti bila kugusa kifuniko cha rejeta. Mapovu yanayopanda mfululizo yanamaanisha moshi wa silinda unapita kwenye gasketi.

Hatua ya sita: bei na mkataba

Andika kila kasoro pamoja na gharama yake kama alivyoikadiria fundi wako, ambaye hajaletwa na dalali, kisha jadili kwa karatasi hiyo. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukitaja namba ya chesisi, namba ya injini na kilomita za siku hiyo. Lipa kwa benki, na usiache kadi halisi nyuma kwa ahadi ya kuletewa kesho.

Hatua ya saba: mwezi wa kwanza

Kwa kuwa hujui lini oili zilibadilishwa, chukulia kwamba hazijabadilishwa. Badilisha ya injini na chujio lake, ya difu zote, na kulanti. Oili ya giaboksi ya otomatiki imwagwe na kujazwa kwa kiasi kilichotoka, si kusafishwa kwa mashine ya presha, na baada ya kilomita 2,000 hivi irudiwe. Tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji, hasa kwa CVT, ambayo huharibiwa na oili ya giaboksi ya kawaida. Injini ya mkanda isiyo na ushahidi wa kubadilishwa ibadilishiwe mkanda, roli zake, kifaa cha kuukaza na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Spea nyingi hutoka Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, na hufika kwa basi. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, aliyehitaji spea huku kusini alisubiri. Nunua kabisa mkanda wa feni, hozi za rejeta, mabuti mawili ya shafti (mipira inayofunika jointi zake) na chujio la ziada, uviweke ndani ya nyumba.

Hatua ya nane: bajeti kwa kilomita

Watu wengi huuliza gari hili linakula kiasi gani kwa mwezi. Ni swali gumu kulijibu, kwa sababu matunzo hufuata kilomita. Gawa gharama ya kila kitu kwa kilomita kinazodumu, nawe utapata shilingi za kuweka kwa kila kilomita. Bei ninazotumia hapa ni za mfano, kwa hiyo weka za kwako.

Matairi manne ya shilingi 1,000,000 yanayodumu kilomita 40,000 ni shilingi 25 kwa kilomita. Oili ya injini na chujio kwa 125,000 kila kilomita 5,000 ni 25. Bushi, shokapu, boljointi na tairodi kwa 900,000 kila kilomita 45,000, ambazo kwa barabara zetu si nyingi, ni 20. Breki kwa 200,000 kila 40,000 ni 5. Oili za giaboksi na difu kwa 280,000 kila 40,000 ni 7. Mkanda wa taimingi na wenzake kwa 700,000 kila 100,000 ni 7. Plagi, chujio la hewa na kulanti kwa 120,000 kila 40,000 ni 3. Jumla ni shilingi 92 kwa kila kilomita.

Ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, hiyo ni 138,000 kwa mwezi na 1,656,000 kwa mwaka. Betri hufa kwa muda wala si kwa kilomita, hivyo ya 240,000 inayodumu miaka miwili ni 120,000 kwa mwaka. Tumefika 1,776,000. Ongeza theluthi moja, yaani 592,000, kwa yale yasiyotabirika kama oltaneta, kompresa ya kiyoyozi au beringi. Jumla ya mwaka ni 2,368,000, kabla ya bima na mafuta.

Mwenye mshahara aweke kidogokidogo kila mwezi. Kwa mkulima, ambaye fedha za korosho humwingia katika miezi michache, nashauri aweke kiasi cha mwaka mzima mara moja malipo yanapoingia, kwenye akaunti isiyochanganywa na ada za shule, kwa sababu mwezi wa nne, barabara zikiwa zimeharibika zaidi, mfukoni huwa hamna kitu.

Mafuta yapange kwa lita, kwani EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi. Kwa kilomita 18,000 za mwaka na wastani wa kilomita 9 kwa lita, ambao ndio ninaoupata kwenye Forester ya lita 2.0 kwa mchanganyiko wa lami na vumbi, utahitaji lita 2,000, takriban 167 kwa mwezi. Mchangani wastani hushuka hadi kilomita 7.

Matunzo yanayotokana na mahali tunapoishi

Ukitoka ufukweni Msimbati, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, hasa ndani ya rimu na kuzunguka bomba za breki. Msimu wa vumbi kung'uta chujio la hewa kila unapobadilisha oili. Ukivuka maji yaliyofika katikati ya magurudumu, mwambie fundi afungue nati ya difu ya nyuma na aitazame oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na ibadilishwe mara moja.

Kila mwezi chungulia mabuti ya shafti kwa tochi. Buti lililochanika likigunduliwa wiki hiyohiyo, gharama ni buti jipya na grisi; likiachwa, mchanga huingia, jointi husagika na shafti nzima hubadilishwa. Kwenye Forester ya foo wili mabuti ya mpira, ya ndani na ya nje, ni manane, na manne ya nyuma ndiyo ambayo mafundi wengi husahau kuyatazama.